Nusu Saa Haitoshi Iao

Binamu yangu anayeishi Marekani amenitumia ratiba ya matembezi yao kisiwani Maui: Bonde la Iao nusu saa, picha, kisha ufukweni mpaka jioni. Napinga. Mwaka 1790 majeshi ya Kamehameha yaliwashinda watu wa Maui humo bondeni, maiti zikaziba mto. Pakaitwa Kepaniwai, yaani kuzibwa kwa maji. Mimi ni Mnyarwanda. Nyabarongo ya 1994 sikuiona, lakini nyumbani hatuivuki tukicheka.

Atasema amefuata ule mwamba mrefu wa kijani. Ni mzuri kweli, sikatai! Lakini mgeni hulipa na kuweka nafasi mapema; anashindwaje kutenga na muda wa kuuliza pale palitokea nini? Punguza ufukwe, binamu.