Bibi Harusi, Bajeti ya Mji Nayo Ni Yako



Msimu wa harusi ukikaribia, bibi harusi hupata wosia wa kila aina. Somo humfunza usafi, manukato, singo na namna ya kukaa na mume. Shangazi humfunza kuhifadhi siri ya nyumba. Mama humwandalia vyombo na nguo. Yote ni mema, na tumeyasema mara nyingi. Limebaki jambo moja ambalo hatuusiani. Nyumba hiyo anayoingia ina mfereji, na kuna aliyepanga maji yatoke au yasitoke. Ina taka, na kuna aliyepewa pesa za kuzizoa. Siku atakaposhikwa na uchungu wa uzazi atakimbizwa hospitali, na kuna aliyeamua kama dawa na mkunga watakuwepo. Hapa Lamu, sehemu kubwa ya maamuzi hayo iko mikononi mwa serikali ya kaunti, na pesa zinazotumika ni zetu.

Rai yetu leo ni hii: mwanamke wa visiwa hivi ana haki ya kujua mji wake unavyoendeshwa na pesa zake zinavyokwenda, na anayeuendesha mji ana wajibu wa kumwambia kabla hajauliza.

Tuanze na nikaha yenyewe, maana kila mmoja wetu anaijua. Nikaha haifungwi gizani. Pana walii, pana mashahidi wawili, mahari hutajwa, kisha hufanywa walima ili watu wajue. Hakuna anayesema tumeita mashahidi kwa sababu bwana harusi ni mwongo. Mashahidi ni hifadhi ya pande zote mbili. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, aandike mwandishi mwadilifu, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Ikiwa mkopo wa watu wawili umewekewa utaratibu huo, sembuse pesa za mji mzima?

Kushauriana nako si jambo tulilofundishwa na wanasiasa. Ipo sura nzima katika Qur'ani iitwayo Ash-Shura, na ndani yake kushauriana kumetajwa pamoja na swala na kutoa. Siku ya Hudaybiya, maswahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia kwa mkewe Ummu Salama akamweleza, naye akampa shauri. Alilifuata, na jambo likatengenea. Kipo pia kisa mashuhuri cha mwanamke aliyesimama msikitini kumpinga Sayyidna Umar alipotaka kuwekea mahari kiwango. Wanazuoni wameijadili isnadi yake, basi hatukitegemei kama hoja. Hiki cha Ummu Salama kimo katika Sahihi Bukhari na kinatutosha.

Sasa tuje kwenye sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, katika kifungu cha 10. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kufanya vikao vyake wazi na kuwashirikisha watu, na cha 201 kinataka uwazi katika mambo ya fedha. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu ukiomba habari. Ikikunyima, unaweza kupeleka malalamiko yako kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa haki hii ni ya wanaume wanaokaa barazani peke yao.

Bajeti nayo ina kalenda yake, kama harusi ilivyo na siku ya hina, siku ya nikaha na siku ya walima. Anayekuja siku ya mwisho hukuta pilau imekwisha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndani yake kila idara huwekewa kiwango chake, hutakiwa kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hupelekwa kufikia Aprili 30, na huidhinishwa kufikia mwisho wa Juni. Mwanamke anayetaka birika la maji katika mtaa wake, akingoja mpaka Juni, amechelewa. Neno lake linatakiwa Agosti, mpango ukiandikwa, na tena Februari, pesa zikigawanywa.

Wapo watakaosema haya yote ni maneno ya karatasi. Tuwakumbushe kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, cha megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Wakaazi, wakiwa pamoja na Save Lamu, walikata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ile, na miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi ule haukuwa wa kaunti, na hata humu mwetu walikuwepo waliouunga mkono kwa kutaraji ajira. Somo lake ni moja kwa wote: jambo likipitishwa bila watu kupewa habari na nafasi ya kusema, msingi wake ni mchanga, hata likiwa na mabilioni nyuma yake.

Na hapa tuambizane ukweli. Kushirikishwa kunaweza kugeuzwa kuwa mchezo. Watu huitwa, hutia sahihi katika karatasi ya mahudhurio, hupewa soda na nauli, husomewa waraka kwa Kiingereza, kisha huondoka. Ile sahihi hubaki kuwa ushahidi kwamba umma ulishauriwa. Kikao chenyewe kikiwekwa saa nne asubuhi, ni saa ambayo mwanamke yuko jikoni au na mtoto kliniki. Tangazo likichapishwa gazetini tu, halimfikii mama wa Faza, Kiunga wala Ndau, na hata likimfikia, nauli ya boti ni mzigo.

Kwa hivyo tunawaomba viongozi wa miji yetu mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mhandisi. Kwanza, muhtasari wa bajeti wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wadi kwa wadi, ukitaja mradi, pesa zake na aliyepewa kazi. Pili, ubandikwe msikitini, madrasani, kliniki na gatini, mahali ambapo watu hupita. Tatu, kikao kiwekwe baada ya alasiri, pawe na upande wa wanawake na mtu wa kuandika maneno yao. Nne, kikao kinachofuata kianze kwa kueleza maoni ya kile kilichopita yalifanywaje: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa nini. Sheria hailazimishi kila neno letu likubaliwe, lakini linatakiwa lisikilizwe na lipimwe.

Tunajua pingamizi zilizopo. Ya kwanza ni haya. Dada zetu wengine huona kusimama mbele ya watu na kuuliza habari za pesa si tabia ya mwanamke wa heshima. Haya ni sehemu ya imani, hatubishani. Lakini haya hayakumzuia mwanamke wa Madina kumuuliza Mtume mambo ya dini yake, na Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa hilo. Asiyeweza kusimama, aandike. Maoni ya maandishi yana uzito uleule, na pengine zaidi, kwa kuwa hayasahauliki. Kina mama watano wa mtaa mmoja waandike barua moja, waipeleke kwa msimamizi wa wadi na kwa karani wa bunge la kaunti, wapigiwe muhuri katika nakala, na nakala wabaki nayo.

Pingamizi ya pili ni kuwa kuulizana habari za pesa ni kuwadhania watu vibaya. Sisi tunaona kinyume chake. Tukikosa karatasi ndipo tunapokaa vizingitini tukasema fulani amekula na fulani amejengea nyumba, bila ushahidi wowote. Hiyo ndiyo dhana mbaya, na mara nyingi ni ghiba. Penye karatasi, swali huwa fupi na safi: birika hili limeandikwa kuwa limekwisha, mbona halina bomba? Mtumishi mwaminifu atajibu na jina lake litasafika. Uwazi unamlinda yeye kabla ya kutulinda sisi.

Ya tatu ni ile ya kukata tamaa, kwamba hakuna kinachobadilika. Hatuwezi kukuahidi kuwa ukienda kikaoni maji yatatoka kesho. Tunaloweza kusema ni kwamba pesa zitagawanywa uwepo au usiwepo. Usipokuwepo, atakayesema kinachohitajika nyumbani kwako ni mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo.

Basi bibi harusi, katika wosia wako ongeza na huu. Ukihamia mtaa mpya, jua jina la mwakilishi wako wa wadi kama unavyojua la muuza samaki. Uliza kikao ni lini. Mwambie mume wako, kwa wema, kwamba jioni ile atakaa na mtoto, au mwende pamoja. Nanyi kina mama mnaosomesha vyuoni na mnaoongoza vikundi vya kuwekeana pesa, tayari mnajua kuweka daftari, kuita jina na kuhesabu mbele ya wote. Kikundi kisichofanya hivyo huwa hakimalizi mwaka. Kipimo mlichonacho kwa shilingi mia za kikundi ndicho hicho hicho mkitumie kwa pesa za kaunti.

Amana ni amana, iwe ni mkufu uliowekewa na jirani au hazina ya mji. Mwenye kuiweka ana haki ya kuuliza imefikia wapi. Tunamuomba Allah awape viongozi wetu uadilifu, atupe sisi ujasiri wenye adabu, na azibariki nyumba zote zinazofunguliwa msimu huu.

Wabillahi tawfiq.