Mbwa Wapewe Kiwanja Chao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu mbwa katika viwanja vya wazi hapa Dar es Salaam.

Mimi nafuga mbwa wawili, kwa hiyo nisidhaniwe kuwa adui wa wanyama hao. Kila alfajiri sisi wenye mbwa huwapeleka kwenye kiwanja kile kile ambacho jioni watoto huchezea mpira pekupeku. Wapo wanaodai kuwa kinyesi cha mbwa ni mbolea kama cha ng'ombe. Sivyo hata kidogo. Huweza kuwa na mayai ya minyoo, na mabuu yake hupenya ngozi ya mguu. Mwezi uliopita mjukuu wangu alitokwa na mstari mwekundu unaotambaa unyayoni, na huenda minyoo hiyo ilitoka kwa mbwa wangu mwenyewe. Mvua ikinyesha, uchafu huo husombwa hadi baharini.

Naishauri halmashauri yetu itenge pembe moja ya kiwanja, izungushiwe wigo wa michongoma, liwekwe pipa la kinyesi, na aruhusiwe tu mbwa mwenye cheti cha chanjo ya kichaa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa huo huzuilika. Gharama tutachanga wenye mbwa. Mimi niko tayari kuanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfuga Mbwa,
Dar es Salaam.