Anayevuka Siberia na apande behewa la wengi

Behewa la daraja la tatu katika treni za masafa marefu za Urusi lina vitanda 54, na hakuna mlango unaomtenga abiria na mwenzake. Warusi huliita platskart. Upande mmoja wa ujia vitanda vinne hutazamana, viwili juu na viwili chini. Upande wa pili vimewekwa viwili kando ya dirisha, na mpangilio huo hurudiwa mara tisa hadi mwisho wa behewa. Miguu ya abiria mrefu hutokeza kwenye ujia. Anayekoroma husikika na wote. Mtoto akilia saa nane za usiku, kufika asubuhi nusu ya behewa linajua jina lake.

Humo ndimo kundi la wageni linalotaka kuvuka Urusi kwa reli linapaswa kukata tiketi. Makundi mengi hayafanyi hivyo.

Biashara ya safari za makundi katika reli hii imejengwa juu ya treni za kukodi. Mwaka 2007 ilizinduliwa Golden Eagle, treni ya kifahari yenye vyumba vya kulala na bafu lake ndani. Kwa miaka mingi pia watalii waliuziwa Zarengold, treni ya kukodi iliyowachukua Moscow na kuwapeleka kwa awamu hadi upande wa Mongolia na China. Kuna mpishi, kuna mhadhiri wa historia, na kuna mkalimani anayewangoja wageni kila wanaposhuka. Kwa mtu anayetaka kuona misitu ya Siberia akiwa amekaa vizuri, hapo hana cha kulalamikia. Lakini karibu kila Mrusi anayekutana naye siku zote hizo yuko kazini: anamtandikia kitanda, anamwandalia meza au anamwongoza makumbusho. Mrusi anayesafiri kwenda kwao, mwenye begi lake na mayai yake ya kuchemsha, hayumo. Naye ndiye aliyeifanya njia hii iwepo.

Umbali wenyewe ni mkubwa. Kutoka stesheni ya Yaroslavsky mjini Moscow hadi Vladivostok, kwenye Bahari ya Pasifiki, ni kilomita 9,288. Aliyewahi kupanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, aifikirie safari ile ikirudiwa mara tano mfululizo bila kuvuka mpaka wa nchi. Treni ya moja kwa moja hutumia siku sita hadi saba. Jua huchomoza mapema zaidi kila siku, na hadi mwaka 2018 saa za stesheni zote zilifuata majira ya Moscow, hivi kwamba saa ya ukutani ilimwambia abiria aliyeko karibu na Pasifiki kuwa ni saa saba mchana ilhali nje giza limeshaingia.

Ujenzi wa njia hii ulizinduliwa rasmi Vladivostok mwaka 1891. Nicholas, aliyekuwa bado mrithi wa kiti cha ufalme na ambaye baadaye alikuwa Tsar wa mwisho, alijaza toroli la udongo mbele ya watu. Kazi iliyofuata ilifanywa na wakulima wa Kirusi, askari, vibarua wa Kichina na Kikorea, na wafungwa, wakiwemo walioletwa kutoka kisiwa cha Sakhalin. Ziwa Baikal liliikata reli katikati kwa muda, na treni zikawa zinavushwa kwa meli kubwa ya kuvunja barafu iliyotengenezwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni. Vita vya Urusi na Japani vilipozuka mwaka 1904, barafu ya majira ya baridi ilikuwa nene kupita uwezo wa meli ile, kwa hiyo reli zikatandikwa juu ya ziwa lililoganda. Kichwa cha treni kilichojaribiwa kupita hapo kilivunja barafu kikazama. Baada ya hapo mabehewa yakavutwa na farasi, na askari wengi wakavuka kwa miguu.

Hawakuwa watalii. Tangu mwanzo, reli hii imebeba watu kwa makundi, na wengi wao hawakuwa na tiketi ya kurudi. Wa kwanza walikuwa walowezi. Kati ya mwaka 1906 na 1914, zaidi ya wakulima milioni tatu walihamia Siberia na nchi za jirani baada ya serikali kuwaahidi ardhi, wakisafiri na familia zao, mbegu zao na hata mifugo. Chelyabinsk palikuwa na kituo kikubwa cha kuwaandikisha na kuwapima afya kabla ya kusonga mbele. Mwaka 1918 kikafuata kikosi cha wanajeshi wa Kicheki na Kislovakia, makumi kwa maelfu, ambao njia yao ya kurudi Ulaya ilibidi ipitie Vladivostok. Walishika sehemu kubwa ya reli, wakaishi ndani ya mabehewa miezi na miezi, na wakawa wanachapa gazeti lao humo humo treni ikitembea. Wa mwisho wao waliondoka kwa meli mwaka 1920.

Mwaka 1937 treni zilielekea upande wa pili. Serikali ya Stalin iliwakusanya Wakorea wapatao 172,000 waliokuwa wakiishi Mashariki ya Mbali ya Urusi, ikawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Kazakhstan na Uzbekistan, bila kosa lolote isipokuwa kuzaliwa Wakorea. Miaka mitatu baadaye, balozi mdogo wa Japani mjini Kaunas, Lithuania, Chiune Sugihara, aliandika kwa mkono wake viza za kupita Japani zaidi ya 2,000 kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wakikimbia. Familia nzima ziliweza kusafiri kwa viza moja. Wakakata tiketi kwa shirika la utalii la Kisovieti, wakavuka Siberia nzima hadi Vladivostok, wakapanda meli hadi bandari ya Tsuruga. Mahali palepale ambapo Wakorea walikuwa wamefungiwa na kuondolewa, Wayahudi waliteremka wakiwa hai.

Ndiyo maana kundi linalopita hapa kwa treni iliyofungiwa dhidi ya raia wa kawaida linapoteza zaidi ya gumzo la njiani. Linaitazama historia kupitia kioo ilhali kizazi cha walowezi wale kimelala kwenye behewa la treni inayofuata.

Na behewa hilo lina utaratibu wake ambao mgeni huuelewa kabla giza la siku ya kwanza halijaingia. Kila behewa lina wahudumu wake, mara nyingi wanawake wawili wanaopokezana zamu. Mhudumu ndiye anayekagua pasipoti mlangoni, anagawa shuka zilizofungwa kwenye mfuko, anasafisha choo, anamwamsha abiria anayeteremka usiku wa manane, na katika mabehewa mengi ya zamani ndiye anayechochea makaa ya kupashia behewa joto. Karibu na chumba chake kuna tangi la maji ya moto ambayo hayakauki usiku wala mchana. Tangi hilo ndilo baraza la behewa. Watu husimama pale na vikombe vya tambi na bilauri za chai zilizotiwa katika vishikio vya chuma, na mgeni asiyejua Kirusi huonyeshwa kwa mkono namna ya kufungua bomba.

Halafu kuna suala la meza. Meza ndogo iko kati ya vitanda vya chini, kwa hiyo wa juu hawana pa kulia chakula. Desturi ni kwamba mwenye kitanda cha chini anakunja godoro lake mchana na kumpisha wa juu akae. Kwa kawaida adabu tu inatosha. Na watu wakishakaa meza moja, chakula hakibaki cha mmoja: matango, mkate mweusi, soseji na biskuti huwekwa katikati, na anayekula peke yake huonekana ana neno moyoni. Mswahili aliyelelewa kukaribisha kila anayemkuta mezani hahitaji kufundishwa hapo.

Kuna jambo ambalo waandaaji wa safari hawalitaji, nalo ni hoja kubwa kuliko zote. Warusi wenyewe ni nadra kusafiri mwanzo hadi mwisho wa njia hii. Ndege kutoka Moscow hadi Vladivostok huchukua saa kama nane, na mwenye haraka hupanda ndege. Abiria wa treni hupanda kwa usiku mmoja au mbili: mwanafunzi anayerudi chuoni, kijana aliyemaliza jeshi, bibi anayekwenda kumwona mjukuu, fundi wa visima vya mafuta anayekaa kazini wiki kadhaa kisha anarudi nyumbani kupumzika. Kwa hiyo mgeni anayekwenda moja kwa moja hubadilishiwa majirani mara nyingi. Upande wa Omsk anaweza kukaa na familia ya Kikazaki, na karibu na Ulan-Ude akawa kati ya Waburyati, wanaozungumza lugha ya ukoo wa Kimongolia na wengi wao ni Wabudha. Nchi yenyewe huja na kuketi kitandani pake. Treni ya kukodi inabeba watu walewale tangu Moscow.

Wapo wanaopinga, na pingamizi zao ni za kweli. Platskart ya zamani haina bafu. Wazee hawawezi kupanda kitanda cha juu. Mwanamke anayesafiri peke yake ana haki ya kujiuliza nani atalala mbele yake. Haya yote yana njia. Treni hiyohiyo ina mabehewa ya vyumba vya watu wanne, yanayoitwa kupe, na wazee wa kundi wanaweza kulala huko kisha wakaja kunywa chai na wenzao. Kwa usalama, behewa la watu 54 wanaoonana usiku kucha, lenye mhudumu aliye macho, si mahali rahisi kwa mtu mwenye nia mbaya.

Hatari kubwa kwa kundi ni kundi lenyewe. Watu ishirini wa lugha moja wakikata vitanda vilivyofuatana huligeuza behewa la umma kuwa mali yao. Wenyeji huwapisha na kunyamaza, na matokeo yake ni yaleyale ya treni ya kifahari kwa bei nafuu. Kundi linapaswa kutawanywa: wawili huku, watatu kule, katika mabehewa mbalimbali, wakutane stesheni zenye kituo kirefu.

Behewa peke yake pia halitoshi. Mwandishi Aleksandr Solzhenitsyn alirejea Urusi mwaka 1994 baada ya miaka 20 ya uhamisho, na badala ya kutua Moscow alianzia Mashariki ya Mbali akasafiri kwa treni kuelekea magharibi. Hakuwa kwenye daraja la tatu. Mabehewa yake yalikuwa ya kukodi. Lakini alishuka mji baada ya mji, akawasikiliza walimu, wakulima na wastaafu wakieleza maisha yao baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti, na safari ya siku saba ikamchukua takriban miezi miwili. Tangu treni ibuniwe, ni wachache walioivuka Siberia kwa usikivu kama huo.

Kuzungumzia safari hii leo bila kutaja vita ni kujidanganya. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa jeshi zima Februari 2022, kampuni nyingi za Ulaya na Marekani zimeacha kuuza safari hizi, na kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo. Kila mtu ana dhamiri yake katika kuamua kwenda au kutokwenda, na anayekataa ana sababu nzuri. Anayekwenda, hata hivyo, ataelewa zaidi akiwa platskart. Humo wamo askari na mama zao. Nyuma ya vioo vya giza vya treni ya kitalii, nchi iliyo vitani inaweza kuonekana kama miti ya birchi tu, maelfu kwa maelfu.

Kwa hiyo kundi lishuke wapi? Yekaterinburg panafaa, kwa sababu familia ya Tsar yule aliyejaza toroli iliuawa humo mwaka 1918. Novosibirsk ni mji uliozaliwa na daraja la reli juu ya Mto Ob mwaka 1893, na leo ni wa tatu kwa ukubwa Urusi. Slyudyanka, ufukweni mwa Baikal, ndiyo mwanzo wa kipande cha reli ya zamani kilichochongwa kwenye miamba na mahandaki, na stesheni ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye maji ya ziwa lenye kina cha mita 1,642, kirefu kuliko cha maziwa yote duniani.

Baada ya mji wa Chita, mashariki mwa Baikal, makundi mengi hayapo tena. Yameshapinda kusini kuelekea Mongolia au China, kwa sababu Beijing inauzika kuliko mji mdogo wa njiani kama Mogocha. Hapo ndipo pa kuwashikilia waandaaji. Kutoka Chita hadi Khabarovsk ni zaidi ya kilomita 2,300, siku mbili za mabwawa, ardhi iliyoganda chini na stesheni ndogo za mbao. Kipande hiki kilijengwa baada ya mwaka 1908, Urusi ilipoogopa kuendelea kutegemea njia ya mkato iliyopita China, na wafungwa wengi walitumikishwa humo. Daraja la Amur mjini Khabarovsk lilipofunguliwa mwaka 1916, treni iliweza kwa mara ya kwanza kwenda kutoka Moscow hadi Vladivostok bila kukanyaga ardhi ya nchi nyingine. Mpango wa safari unaoishia Baikal umeacha zaidi ya theluthi ya reli, na wateja wanaolipia kuvuka Urusi wana haki ya kudai kipande hicho kiandikwe kwenye tiketi yao.