Roboti ya Kufagia Keja ni Fiti, Lakini Cheki Kamera Kwanza

Msee, kama keja yako ni ya tailsi na dirisha linaangalia barabara ya vumbi, roboti ya kufagia itakuokolea muda. Inaingia hadi chini ya kitanda, kule ufagio hufika Krismasi tu, na mwenye mgongo mbovu hainami.

Noma ni macho yake. Mwaka wa 2020, Roomba za majaribio zilipiga picha ndani ya nyumba za watu, moja ikimwonyesha mwanamke akiwa chooni. Vibarua wa Venezuela waliopewa picha hizo kuzichambua wakazivujisha mitandaoni. Kampuni ya iRobot ilijitetea kuwa waliorekodiwa walikuwa wamekubali. Hadi chooni, kweli?

Kuna roboti zinazotumia leza, hazina kamera. Ukitoa doo, toa kwa hizo.