Makuti ya Diani, Nyasi za Sirisia

Wasee, hebu tuongee ukweli kidogo. Ukitafuta nyumba ya likizo kwa Airbnb, iwe Diani, Watamu ama Shela kule Lamu, picha ni zilezile: paa la makuti, boriti za mikoko, kuta za chokaa, na bwawa la kuogelea hapo mbele. Sisi tunapiga laiki na kutamani. Halafu tukifika nyumbani Sirisia, tukiona nyumba ya kukhu ya udongo na nyasi, tunasema huo ni ushamba, ibomolewe.

Sasa, mgeni wa Diani hanunui umaskini. Analipia makuti pamoja na maji ya bomba, choo safi, stima na waifai. Kukhu ana nyasi, hayo mengine hana. Kwa hivyo tusidanganyane eti maisha ya kijijini ni raha tupu. Kubeba mtungi kutoka mtoni si urembo. Lakini kosa si la udongo. Ukuta mnene wa udongo hupoa mchana na kutunza joto usiku. Mabati nayo ni jiko saa saba mchana, na mvua ya Mlima Elgon ikianza, hata simu husikii.

Najua mtasema nyasi hushika moto, na lazima zibadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Kweli kabisa. Hata makuti ni hivyo. Pwani hawakuyaacha, waliendelea kuwalipa mafundi. Huku kwetu wanaojua kuezeka vizuri wengi ni wazee, na vijana tuko bize kusaka kazi Nairobi.

Na soko lipo. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, tohara ya Wabukusu hurudisha watu nyumbani kutoka kila pembe. Wengi hulala wamebanana sebuleni ama wanakimbilia lojing'i Bungoma mjini. Tohara yenyewe si ya kuuzia watalii, hapo sina mjadala. Lakini kitanda je? Chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi, choo safi, tangi la maji, taa za sola, na mlima unauona ukiwa mlangoni. Bahari hatuna, na si lazima.

Kwa hivyo kabla hujachangisha pesa za kubomoa nyumba ya kukhu, mjengee choo na umvutie maji. Akishaishi vizuri humo yeye mwenyewe, ndio tuanze kuongea kuhusu wageni.