Je, Ajali ya Usiku Haina Kinga?

Kuna usemi uliozoeleka miongoni mwetu kwamba ajali haina kinga. Usemi huu humfariji aliyefikwa na msiba, na kwa kazi hiyo hauna ubaya. Lakini ukitumiwa kueleza kwa nini gari dogo limeparamia nyuma ya lori lililoharibika usiku barabarani, usemi huo hugeuka kisingizio. Ajali ya namna hiyo ina sababu zinazopimika, na kwa hiyo ina kinga.

Tuanze na hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Tuchukulie kwamba dereva huhitaji sekunde 2 kutambua hatari na kukanyaga breki: atakuwa amekwisha kwenda mita 44. Breki zikipunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, zitahitajika mita nyingine 49. Jumla inazidi mita 90. Taa zikiinamishwa ili zisimwumize macho dereva anayekuja mbele, aghalabu hazionyeshi kitu cheusi kilicho mbali zaidi ya mita 50 au 60. Hivyo dereva huyo, hata akiwa macho na asiyekunywa pombe, hulioma lori akiwa amekwisha kuchelewa.

Katika barabara zetu kuu, kama ile itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa hadi Tunduma, utingo wa lori lililoharibika hukata matawi ya miti na kuyapanga njiani. Nia yake ni njema, na mchana matawi hayo husaidia. Usiku jani hunywa sehemu kubwa ya mwanga unaolifikia, na ule unaobaki hulitawanya kila upande. Kinachomrudia dereva ni kidogo mno.

Utepe wa kurudisha mwanga hufanya kazi kwa namna nyingine. Kioo bapa kikipigwa na mwanga kwa mshazari huupeleka upande wa pili; utepe huu huurudisha ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na, karibu nazo, macho ya dereva. Baadhi ya tepe hizi zina shanga ndogo mno za kioo. Nyingine zina vipembe vya nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba, kama kona ya chumba. Vipembe vya jinsi hiyo viliachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwezi Julai 1969, ili miale ya leza itokayo duniani irudi duniani. Tena utepe hauhitaji umeme. Betri ya lori ikifa na taa zote zikazimika, utepe hubaki kazini.

Nchini Marekani sheria iliyataka matela makubwa yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1993 yawe na tepe nyekundu na nyeupe ubavuni na nyuma. Utafiti wa serikali ya nchi hiyo uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba tepe hizo zilipunguza kwa asilimia 29 ajali za kuyagonga matela ubavuni au nyuma gizani. Kwa zile za kugonga nyuma, utepe safi ulizipunguza kwa asilimia 53, na utepe mchafu kwa asilimia 27 tu.

Tarakimu hizo mbili za mwisho ndizo kiini cha maoni yangu. Kuandika sheria ni nusu ya kazi. Utepe uliofunikwa na vumbi la masika na kiangazi humridhisha mkaguzi anayeutazama mchana, lakini haumwokoi mtu. Kadhalika, vipande viwili vilivyobandikwa pembeni havitoshi: gizani nukta mbili zaweza kuwa gari dogo lililo mbali au lori lililo karibu. Utepe uchore umbo zima la tela, ili jicho lilione umbo hilo likikua na kujua kwamba umbali unapungua. Nashauri basi ukaguzi ufanyike gizani, kwa taa, na kufuta tepe kuhesabiwe kuwa sehemu ya matengenezo sawa na kukagua breki. Mwenye lori atakayelalamikia gharama na alinganishe bei ya kitambaa na maji na bei ya tela moja, tusitaje uhai.

Walimu wanaweza kulithibitisha jambo hili shuleni. Bandikeni kipande cha utepe ukutani usiku. Mwanafunzi ashike tochi karibu na jicho lake autazame. Kisha mwenzake aishike tochi hiyohiyo hatua kadhaa pembeni. Hatimaye pakeni utepe matope, mrudie jaribio. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatakubali tena kwa urahisi kwamba ajali ya usiku haina kinga.