Daftari nililolifungia sandukuni

Wazazi wenzangu, wiki hii nina kosa la kukiri. Nalikiri hapa ukurasani kwa sababu najua siko peke yangu.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Mwezi wa saba, ile baridi ya Lushoto inayotuvalisha masweta mawili mawili, matokeo ya mtihani wa majaribio yalitoka. Fizikia ilikuwa mbaya. Nikapekua begi lake, nikakuta kaunta buku nzima imejaa mwandiko mdogo mdogo, na hamna hata mstari mmoja wa fizikia. Ilikuwa hadithi: maiti, nyumba ya zamani, na mpelelezi mwenye kikohozi kisichoisha.

Nikalichukua daftari, nikalifungia sandukuni chini ya khanga zangu. Nikamwambia, "Hadithi hazilipi ada."

Hakulia wala hakujibu. Akashika vitabu vyake, akasoma. Lakini kwa wiki tatu nyumba ilipoa. "Shikamoo mama", "ndiyo mama", "sawa mama", basi. Mtoto aliyekuwa akinisimulia kila kitu tangu sokoni mpaka nyumbani sasa alitembea mbele yangu hatua kumi.

Usiku mmoja umeme ulikatika na usingizi ukagoma. Nikalitoa daftari, nikawasha tochi ya simu. Nilitaka kusoma kurasa mbili tu, nijue mwanangu anafikiri nini. Nikasoma mpaka simu ikaonyesha asilimia nne.

Nyumba ya kwenye hadithi niliitambua. Ni nyumba ya mawe tunayoipita tukienda shambani, ya kuta nene na mabati yenye kutu. Nimeipita zaidi ya miaka ishirini. Mwanangu ameona nisichokiona: dirisha moja limezibwa, na matofali yaliyoliziba si rangi moja na mengine. Maana yake lilizibwa baadaye. Nani aliliziba, na kwa nini? Hadithi yote imejengwa juu ya swali hilo.

Pembeni ya kurasa alikuwa ameandika maswali mengine, ya kweli haya: Ilijengwa mwaka gani? Mawe yalichongwa wapi? Nani aliyabeba?

Sisi wakubwa tukiulizwa hujibu kwa neno moja: "Ni ya Mjerumani." Ni kweli mji wetu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Lakini nani kamwona Mjerumani akipandisha mawe mlimani kichwani? Enzi hizo wanaume wa wilaya hii walipewa kadi za kazi, wakalazimika kuwatumikia walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Swali la "nani aliyabeba" ni swali la babu zetu. Mwanangu aliliuliza kabla yangu.

Hapo nikamkumbuka Muhammed Said Abdulla. Wa rika langu mtakuwa mmesoma vitabu vyake, pengine kwa kuvificha ndani ya kitabu cha hesabu kama nilivyofanya mimi. Ndiye aliyemtunga Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Nilivisoma vitabu vile bila kujiuliza aliyeviandika alikuwa akila nini. Safari hii, nikiwa mama mwenye ada ya kulipa, hilo ndilo nililolifuatilia.

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 hakwenda kuandika riwaya. Aliajiriwa kuwa bwana afya, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi. Fikirieni kazi ya bwana afya: kuingia nyumba za watu, kukagua visima, mitaro na vyoo, kuuliza maswali ambayo wenye nyumba hawataki kuulizwa. Sijui shule gani ya upelelezi ingemfundisha zaidi ya hapo.

Mwaka 1948 akaingia kwenye uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Alisaidia pia kuhariri Al Falaq na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akakabidhiwa Mkulima, jarida la kilimo, akalihariri mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, mchana kazi yake ilikuwa habari za kilimo.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki akiwa anakaribia miaka 40, ikachapishwa mwaka 1960. Mwaka aliostaafu kikatoka Kisima cha Giningi. Baada ya hapo, katika umri ambao wengi wetu tunangoja kiinua mgongo, akatoa vitabu vingine vitano, Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri vikiwemo. Cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, kilitoka mwaka 1984. Alifariki mwaka 1991.

Tazameni majina ya vitabu viwili vya kwanza: mzimu na kisima. Ni mahali. Siri inaanzia mahali penye historia, pale ambapo watu wanapita kila siku wakiwa na hofu au mazoea, na hawaulizi. Mwandishi wa historia ya majengo na mwandishi wa riwaya za upelelezi wote wawili husimama mbele ya ukuta na kuuliza: hapa palitokea nini? Mmoja anatafuta jibu kwenye nyaraka na kwa wazee, mwingine analitunga. Mwandishi wa habari mzuri huanza na swali hilo hilo.

Na maswali hayo hayangoji. Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Ikiwa jumba maarufu namna ile laweza kuanguka, sembuse nyumba yetu ya njia ya shambani, ambayo hakuna aliyeiandika? Huku Usambara twajua thamani ya aliyeandika mapema. Bila Abdallah bin Hemedi na Habari za Wakilindi, mangapi ya watawala wa Vuga tungekuwa tunabahatisha tu?

Sitawadanganya. Kwa riwaya peke yake ni wachache sana wanaolisha familia. Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa mshahara miaka thelathini, na ndiyo maana nasema tusiwapotoshe watoto kwa kuwaambia "fuata ndoto yako" kisha tukawaacha njiani. Lakini pia tusiwaambie kwamba kalamu na kazi ni maadui. Kwake kazi ndiyo iliyoilisha kalamu.

Basi nimefanya haya, na kama una mtoto wa aina hii nawe waweza kuyajaribu. Kwanza, tumepanga saa: fizikia na masomo mengine jioni, hadithi Jumamosi. Pili, nimemwambia akipata alama za kumwezesha kuendelea, tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza sitaipinga. Tatu, Jumapili tunamtembelea mzee mmoja jirani, aliyeiona nyumba ile akiwa mtoto. Anauliza yeye, mimi nabeba kilo ya sukari na kusikiliza. Nne, kila jibu analoandika anaweka tarehe na jina la aliyemwambia. Hiyo ndiyo tofauti ya habari na uvumi, na itamfaa hata akiishia kuwa nesi.

Daftari nilimrudishia asubuhi ile ile, kabla hajaenda shule. Nilimwambia, "Nimekukosea, mwanangu. Na nimelisoma bila ruhusa yako." Akaangalia chini muda mrefu. Nikaongeza, kwa sababu kweli swali lilikuwa limeninyima usingizi, "Sasa niambie, dirisha lile aliliziba nani?"

"Sijui bado, mama," akasema. "Ulilichukua kabla sijafika."

Siku hiyo tulishuka pamoja mpaka barabarani. Hakutembea mbele yangu.

Tukutane wiki ijayo, wazazi wenzangu. Na kama kuna daftari kwenye sanduku lako, unajua la kufanya.